Pindua Chupa Utazame Chini: Kuzijua Plastiki za Nyumbani

Matini ya mazungumzo na wakazi wa Makwasinyi, Wadi ya Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta

 

Mada ya leo ni plastiki. Mwenye nyumba akitazama rundo la taka nyuma ya jikoni huona kitu kimoja tu: plastiki. Mnunuzi wa plastiki kuukuu akitazama rundo lilo hilo huona vitu saba tofauti, na baadhi yake hatavigusa hata akipewa bure. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya gunia moja liwe pesa na jingine liwe mzigo. Tena ndiyo inayoamua ni moshi gani watoto watauvuta jioni, jiko linapowashwa.

Nambari iliyo chini ya chombo

Pindua chupa yoyote utazame chini. Mara nyingi utaona pembetatu ndogo yenye nambari ndani yake, kuanzia 1 hadi 7, na pengine herufi chache chini yake. Alama hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki, ili wanaochambua taka watambue upesi chombo kimetengenezwa kwa plastiki ya aina gani. Basi ni hayo tu. Watu wengi waliona mishale inayozunguka wakadhani ni ahadi kwamba chombo hicho kitachakatwa upya. Si ahadi. Mwaka 2013 wasimamizi wa alama hizo waliamua pembetatu iwe ya mistari mitupu badala ya mishale, kwa sababu ya mkanganyiko huo huo. Vyombo vingi sokoni bado vina mishale ya zamani, kwa hivyo msomaji wa alama asome nambari, si mishale.

Nambari 1, PET. Hizi ni chupa za maji na soda, na baadhi ya chupa za mafuta ya kupikia. Nyingi huwa angavu, zikiminywa hulia, na chini katikati huwa na kijinundu kidogo. Zina wanunuzi, hasa zile zisizo na rangi.

Nambari 2, HDPE. Huu ni mtungi wa manjano wa kuchotea maji, ambao hakuna nyumba ya Makwasinyi isiyoujua. Zimo pia chupa za sabuni ya maji, za dawa ya kuondoa madoa na za mafuta ya kujipaka. Plastiki hii ni ngumu, haioneshi ndani vizuri, ukiipapasa huteleza kama nta, na chini ina mstari kama mshono. Ni miongoni mwa zile zinazotafutwa sana.

Nambari 3, PVC. Haya ni mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme, na baadhi ya vitambaa vya meza na mazulia ya plastiki. Hii ikae peke yake. Sababu itaelezwa.

Nambari 4, LDPE. Ni ile laini inayonyumbuka: karatasi za nailoni za kufungia bidhaa, baadhi ya pakiti za maziwa, na vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vya viwandani bado vinaingia nyumbani. Plastiki hii inachakatika, ila ni nyepesi mno na huchafuka upesi, kwa hivyo si kila mnunuzi huitaka.

Nambari 5, PP. Hizi ni ndoo, beseni, viti vya plastiki, vifuniko vingi vya chupa, na magunia yaliyosukwa ya mchele, sukari na mbolea. Kiti kilichovunjika mguu na beseni lililotoboka bado ni mali.

Nambari 6, PS. Hivi ni vikombe vyepesi vya kutupa, vijiko vya kutupa, na lile povu jeupe linalokuja na televisheni au redio mpya. Huvunjika kwa urahisi, na ni vigumu kumpata mnunuzi wake.

Nambari 7 ni mchanganyiko, yaani kila kisichoingia katika sita za kwanza. Pakiti nyingi zinazong'aa za krisi na biskuti zimetengenezwa kwa tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Nepi za kutupa hata alama huwa hazina, lakini nazo ni mchanganyiko vilevile, tena zina uchafu ndani. Hivi visiingie kabisa katika gunia la kuuza.

Nambari ikiwa imefutika

Mtungi uliokaa juani miaka mitano unaweza kuwa hauna alama tena. Hapo ndoo ya maji itasaidia. Hakuna haja ya kupoteza maji safi, kwani yaliyokwisha kuosha vyombo yanatosha, na ule mchuzi wa sabuni uliomo unasaidia zaidi. Kata kipande kidogo cha plastiki, kizamishe kwa kidole mpaka kilowe chote, kisha kiachie. Kikipanda juu, ni nambari 2, 4 au 5. Kikizama na kubaki chini, yaelekea ni 1, 3 au 6. Povu jeupe tu ndilo linalovunja kanuni hii: ni nambari 6 lakini huelea, kwa sababu limejaa hewa.

Jaribuni na chupa ya soda. Chupa itazama, kifuniko chake kitaelea. Viwanda vinavyosaga chupa hutumia njia iyo hiyo katika matangi makubwa kutenganisha vipande. Mwanafunzi akilifanya jaribio hili nyumbani, amejifunza sayansi na amewafundisha wazazi kazi ya kiwanda.

Kuna wanaopima plastiki kwa kuichoma na kunusa harufu. Hilo halifai kabisa.

Kwa nini kuchanganya kunaharibu

Kila mpishi anajua kwamba maharagwe na mchicha haviingii katika sufuria kwa wakati mmoja. Ukingoja maharagwe yaive, mchicha umekwisha kuwa uji. Ukitoa mchicha kwa wakati wake, maharagwe bado ni mawe. Plastiki ni hivyo hivyo. HDPE ya mtungi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi za selsiasi. PET ya chupa ya soda inahitaji karibu nyuzi 250. Zikiingia pamoja katika mtambo mmoja, moja itakuwa haijayeyuka na nyingine imeanza kuungua, na kitakachotoka hakina nguvu.

Nambari 3 ndiyo mbaya zaidi katika gunia la nambari 1. Zote mbili huzama majini, kwa hivyo tangi la kiwandani haliwezi kuzitenga. Lakini kabla PET haijafika kwenye joto lake, PVC huwa imekwisha kuoza kwa moto na kutoa asidi. Vipande vichache tu vya bomba vinaweza kuligeuza fungu zima la chupa safi kuwa la rangi ya njano na dhaifu. Ndiyo maana mnunuzi akiona kipande cha bomba katika gunia la chupa, huweza kulikataa gunia zima.

Uchafu nao una gharama. Chupa yenye mabaki ya mafuta au udongo huongeza uzito wa uongo, na mnunuzi anaujua uongo huo. Atakata bei au atakataa. Kusuuza kidogo na kuanika kunatosha.

Moshi wa jikoni

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Katika nyumba nyingi, kipande cha karatasi ya nailoni ndicho kiwashio cha jiko. Kinashika moto upesi, kinadondosha matone ya moto juu ya makaa, na chai inachemka. Jioni, takataka za ua hukusanywa pamoja na kuchomwa, huku watoto wakizunguka moto.

Moshi wa plastiki si moshi wa kuni. PVC kwa uzito wake ni zaidi ya nusu klorini, na ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayounguza macho na koo. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuiteketeza sawasawa, na humo huzaliwa sumu ziitwazo dioksini. Sumu hizi hazipotei na upepo. Hutua juu ya majani, mbuzi na ng'ombe wakala, zikajikusanya katika mafuta ya nyama na ya maziwa, na mwishowe zikarudi mezani. Ni sumu nzito kiasi kwamba mataifa yalikubaliana mwaka 2001, katika Mkataba wa Stockholm, kupunguza utoaji wake, na Kenya ni mmoja wa wanachama wa mkataba huo.

Anayekaa karibu zaidi na moshi huo ni mama anayepika, na mtoto aliye mgongoni mwake. Jiko linaweza kuwashwa kwa magunzi ya mahindi yaliyokauka, maganda ya miti au majani makavu. Huchukua dakika chache zaidi. Dakika hizo ni afya.

Plastiki isiyochomwa lakini ikatupwa ovyo nayo ina safari yake. Ng'ombe na mbuzi hula karatasi za nailoni zenye chumvi au mabaki ya chakula. Zikijaa tumboni haziyeyuki wala hazitoki, na mnyama hukonda huku tumbo limejaa. Makwasinyi pia iko katika ukanda wa kupita ndovu, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Katika wilaya ya Ampara, nchini Sri Lanka, iliripotiwa Januari 2022 kwamba ndovu wapatao 20 walikuwa wamekufa katika muda wa miaka minane baada ya kula plastiki katika jaa la taka. Jaa lenye harufu ya chakula huwaita ndovu, na ndovu akiitwa karibu na nyumba hatari si yake peke yake.

Chupa ya dawa

Nambari hueleza jamii ya plastiki; haielezi maisha yake. Chupa ya dawa ya wadudu au ya kuogeshea mifugo inaweza kuwa na nambari 2, sawa na mtungi wa maji. Plastiki ni ile ile, lakini sumu hujipenyeza ndani ya kuta za chombo na haitoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto.

Chombo cha dawa kisigeuzwe kuwa cha maji, maziwa, mafuta ya taa wala mbegu. Kikiisha, kisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya pampu ya kunyunyizia, yasimwagwe chini. Kisha kitobolewe ili asiwepo wa kukitumia tena. Kiwekwe mbali na watoto, kando kabisa na plastiki za kuuza, na aulizwe afisa wa kilimo au mwenye duka la pembejeo kuhusu mahali pa kukipeleka. Vivyo hivyo, kabla ya kununua mtungi uliotumika, muuzaji aulizwe ulibeba nini. Akisitasita, uachwe.

Hesabu ya gunia

Sasa pesa. Chupa tupu ya soda ya nusu lita ina uzito wa gramu 20 hivi, kwa hivyo kilo moja inahitaji chupa kama 50. Mtungi mtupu wa lita 20 una uzito wa karibu kilo moja peke yake. Kwa uzito, mtungi mmoja uliopasuka ni sawa na chupa 50 za soda. Anayejaza gunia kwa chupa zisizobanwa husafirisha hewa.

Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi analipa shilingi 20 kwa kilo, na kupeleka mzigo kupitia Maungu hadi Voi kunagharimu shilingi 2,000. Kilo 100 za kwanza zinalipia gari tu. Faida inaanza na kilo ya 101. Kilo 100 ni chupa 5,000, au mitungi 100. Hakuna nyumba moja itakayofika hapo peke yake katika muda wa maana, lakini kijiji kinaweza. Bei halisi na nauli halisi vikijulikana, hesabu ni ile ile: gawanya nauli kwa bei ya kilo, upate kilo ambazo chini yake safari ni hasara.

Kwa hivyo kazi hii ni ya kikundi. Vikundi vya Kasigau vinavyosuka vikapu vya mkonge vinajua tayari kuweka daftari, kupanga zamu na kugawana mapato kwa haki. Kinachohitajika zaidi ni mzani, na banda lenye kivuli, kwa maana jua huifanya plastiki kuwa kavu na ya kuvunjika. Kabla ya kukusanya hata chupa moja, kikundi kimpigie mnunuzi simu na kumuuliza: unachukua nambari gani? Rangi zitenganishwe? Vifuniko vitolewe au vibaki? Bei ya kila aina kwa kilo ni ngapi, na gari ni la nani? Majibu yaandikwe. Kukusanya kwanza na kuuliza baadaye ndiko kunakoacha marundo yasiyo na mwenyewe.

Zinakokwenda

Si vibaya kujua mzigo ukishauzwa unakuwa nini. PET husagwa na kufumwa kuwa nyuzi za nguo na za kujazia mito. Kampuni ya EcoPost ya Nairobi, iliyoanzishwa na Lorna Rutto, hutengeneza nguzo za ua kutokana na plastiki kuukuu, nguzo ambazo mchwa hawazili. Nzambi Matee, pia wa Nairobi, huchanganya plastiki na mchanga na kufyatua matofali ya kutandika sakafu za nje. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtuza kwa kazi hiyo. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kazi zote hizi zinaanza na mtu aliyetenganisha.

Lakini ukweli usemwe pia. Ripoti ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ya mwaka 2022 ilionesha kwamba ni takriban asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani zinazochakatwa upya. Kuchambua hakutoshi, lazima kupunguza. Nambari 6 na 7 hazina dawa nyingine kwa mkazi wa kijijini ila kutozinunua pale inapowezekana. Mafuta ya kupikia yanunuliwe kwa kipimo, na mnunuzi aende na chupa yake. Sokoni kikapu cha mkonge kiende na mwenyewe. Kikapu hicho kinasukwa hapa hapa, na kikichakaa hakimdhuru mbuzi.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya uondoaji wa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza, ili zichakatwe badala ya kurundikwa. Na tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Anayeongoza wageni kupanda Mlima Kasigau awakumbushe hilo, maana maji yanayoteremka kutoka mlimani ndiyo yanayonywewa vijijini.

Sheria inaeleza wajibu wa kaunti na wa mkazi. Kaunti haiwezi kuchambua kilichokwisha kuchomwa, na mkazi hawezi kujenga kituo cha taka peke yake. Mkiwa na mzigo uliochambuliwa na daftari linaloonesha kilo, madai yenu ya kituo katika vikao vya bajeti yatakuwa na ushahidi mkononi.

Ya kuanza nayo wiki hii

Kila nyumba itafute magunia matatu. La kwanza ni la nambari 1: chupa zilizosuuzwa, zilizokauka na kubanwa. La pili ni la nambari 2 na 5, yaani mitungi, chupa ngumu, ndoo, beseni na viti vilivyovunjika. Kikundi kitazitenganisha bandani. Nambari 4 ikiwa safi na ina mnunuzi, ifungwe kando. La tatu ni la mabaki: nambari 3, 6 na 7. Gunia hilo lisichomwe. Liende mahali palipotengwa kwa taka, mbali na mikondo ya maji na njia za mifugo. Maganda ya viazi na mabaki ya chakula yasiingie katika gunia lolote. Hayo ni mbolea ya shamba.

Chupa za dawa zikae peke yake. Na jiko la kesho asubuhi liwashwe kwa gunzi la mahindi, si kwa nailoni.

Mkikumbuka moja tu kati ya yote yaliyosemwa leo, kumbukeni kupindua chombo na kusoma nambari kabla ya kukitupa. Ni kazi ya sekunde mbili, nayo huamua kama plastiki hiyo itakuwa nguzo ya ua wa mtu, au moshi katika kifua cha mtoto.

 Sasa ni zamu ya maswali, na ndoo ya maji iko hapa mbele kwa wenye vipande vya kujaribu.